Maji Waliyoyaomba: Simulizi ya Safari ya Hiroshima na Nagasaki

Nimeyaandika haya nikiwa nyumbani Tanga, wiki tatu baada ya kurejea, kwa msaada wa daftari dogo nililoliandikia kila usiku na picha zilizomo kwenye simu yangu. Mama yangu ni mwosha. Kwa zaidi ya miaka 30 wanawake wanaofariki mtaani kwetu wameoshwa kwa mikono yake, na harufu ya karafuu maiti niliizoea utotoni kama watoto wengine wanavyozoea harufu ya maandazi. Nilipokuwa sekondari nilisoma kwamba watu waliounguzwa na bomu la atomiki la Hiroshima walikufa wakiomba maji, na kwamba wengi wao walinyimwa. Nilipomhadithia Mama, aliacha kazi aliyokuwa akiifanya, akasema kwamba mtu anayekata roho hanyimwi maji, hata awe adui. Neno hilo lilikaa nami miaka mingi, nikadunduliza pesa kwa miaka 4, na mwezi Novemba 2025 nikasafiri.

Jumapili 9 hadi Jumanne 11 Novemba. Dar es Salaam, Dubai, Osaka, Hiroshima

Ndege ya kwanza ilichelewa kuondoka, nikaikosa ya pili pale Dubai, na saa 9 za kungoja sina la kuzisimulia. Nilitua uwanja wa Kansai, Osaka, usiku wa Jumatatu baada ya treni za mjini kwisha, nikalala kwenye kiti hadi alfajiri pamoja na wasafiri wengine waliokwama. Hakuna aliyetusumbua.

Asubuhi, katika stesheni ya Shin-Osaka, lango la treni ya mwendokasi lilinikatalia mara tatu. Mzee mmoja aliyekuwa nyuma yangu hakunung'unika wala kuhamia foleni nyingine. Alizichukua tiketi zangu mbili, akazilaza moja juu ya nyingine, akazitia kwa pamoja, lango likafunguka. Kisha akanifuata hadi ngazini ili ahakikishe ninaelekea jukwaa linalopasa, ndipo akainama na kurudi alikokuwa akienda. Atakayenifuata na alijue hili mapema: tiketi ya nauli na tiketi ya mwendokasi mara nyingi huwa karatasi mbili, na lango huzitaka zote kwa wakati mmoja. Kutoka hapo hadi Hiroshima ni saa moja na nusu hivi, na nililipa zaidi kidogo ya yeni 10,000. Kwa njia niliyopita mimi, tiketi za njia moja moja ziligharimu kidogo kuliko pasi ya kuzunguka Japani nzima.

Hiroshima ni mji wa mito na tramu. Tangu Agosti 2025 tramu zinaingia hadi ghorofa ya 2 ya stesheni kuu, kwa hiyo msafiri mwenye mizigo hahitaji kushuka barabarani. Nilipanda nikiwa sijui lolote kuzihusu, ila siku iliyofuata nilijifunza kwamba vitani, wanaume walipopelekwa jeshini, wasichana wa shule ndio waliokuwa wakiziendesha na kukusanya nauli, na kwamba tarehe 9 Agosti 1945, siku 3 baada ya bomu, sehemu fupi ya reli ilikuwa imeshaanza tena kubeba abiria. Tangu hapo, kila nilipoweka sarafu kwenye kisanduku cha nauli, niliwakumbuka wasichana wale.

Jumatano 12 Novemba. Daraja la Aioi na makumbusho

Niliamka mapema kwa kusudi la kufika kwenye daraja la Aioi kabla ya saa 2 na robo asubuhi. Daraja hilo lina umbo la herufi T, na umbo hilo, lililoonekana wazi kutoka angani, ndilo lililowafanya Wamarekani walichague kuwa shabaha. Ndege ya Enola Gay ilikuwa imeruka kutoka kisiwa cha Tinian ikiongozwa na Kanali Paul Tibbets. Bomu lilipita shabaha kidogo, likalipuka takriban mita 600 juu ya hospitali ya Shima, tarehe 6 Agosti 1945. Hadi mwisho wa mwaka huo watu wapatao 140,000 walikuwa wamekufa. Nilisimama darajani huku wanafunzi wakinipita kwa baiskeli, mkoba mmoja ukagusa kiwiko changu, msichana akaniomba radhi huku akizidi kukanyaga pedali. Saa 2 na robo ilipotimu, kengele ya mnara wa saa ulioko bustanini ililia kama inavyolia kila siku. Kando ya mto lilisimama gofu lenye kuba ya vyuma vitupu, jengo lililosanifiwa na Mcheki Jan Letzel na kukamilika mwaka 1915, ambalo sehemu ya kuta zake zilibaki wima kwa sababu mlipuko uliwaka karibu moja kwa moja juu yake.

Kiingilio cha makumbusho ni yeni 200 tu. Nawashauri wanaokuja wakate tiketi mtandaoni kwa ajili ya saa za asubuhi mapema au jioni, kwa kuwa mchana makundi ya shule hujaa na mtu hupita mbele ya vitu akisukumwa. Mimi nilikaa humo saa 4.

Sitavitaja vyote nilivyoviona. Nilisimama kwa muda mrefu mbele ya mkebe wa chakula wa mvulana wa miaka 13. Maelfu ya wanafunzi wa umri wake walikuwa wametolewa madarasani asubuhi ile ili wabomoe nyumba na kufungua njia pana za kuzuia moto usienee mabomu yakianguka. Mkebe umejikunja kidogo upande mmoja, na chakula kilichomo kimekuwa makaa, lakini chembe za nafaka bado zinaonekana moja moja, kama ukoko wa wali uliosahaulika jikoni. Hakuwahi kukila. Mama yake alizunguka akiutafuta mwili wake, na alipoupata aliutambua kwa mkebe huo uliokuwa chini ya tumbo lake. Nilifikiria jinsi Mama yangu anavyouliza, kabla ya kuanza kazi, jina la marehemu na jina la mama yake. Hapa mama alipaswa kuulizwa jina la mwanawe na mkebe ndio ukajibu.

Alasiri nilihudhuria simulizi katika chumba cha makumbusho. Tangu mwaka 2012 mji wa Hiroshima umekuwa ukiwaandaa watu wanaoitwa denshosha, ambao hukaa na manusura, yaani hibakusha, wakajifunza habari zao kwa miaka kadhaa ili wazisimulie kwa niaba yao. Haja hiyo ni ya kweli: mwaka 2025 hesabu ya hibakusha walio hai ilishuka chini ya 100,000 kwa mara ya kwanza, na wastani wa umri wao umepita miaka 86. Msimulizi wetu, mwanamke wa makamo, alituelezea habari ya mtu aliyekuwa kijana siku ile. Watu walioungua walimshika miguu wakisema neno moja, mizu, yaani maji. Askari walikuwa wamewatangazia wenye nguvu kwamba aliyeungua akinywa maji atakufa, kwa hiyo kijana yule alijinasua akapita. Walikufa vilevile. Alipozeeka, hilo ndilo alilolisimulia kwa taabu zaidi, kuliko moto na kuliko majeraha yake mwenyewe. Nilimwuliza msimulizi kama habari ya namna hiyo ni ya mtu mmoja. Akaniambia kwamba amewasikia wengi, na kwamba ndiyo sababu kila tarehe 6 Agosti maji hutolewa mbele ya mnara wa kumbukumbu, na watu wazima wa mji huu humwagia maji mawe ya ukumbusho wapitapo.

Kaskazini mwa bustani kuna kichuguu cha majani mafupi ambacho wageni wengi hukipita bila kusimama. Chini yake yamehifadhiwa majivu ya watu wapatao 70,000, wengi wasiojulikana ni akina nani. Takriban 800 wana majina yao lakini hawajapata jamaa wa kuwachukua, na orodha ya majina hayo hubandikwa kila mwaka ili labda mtu atokee. Bibi mmoja alikuwa hapo na chupa ya maji. Alinitazama nilivyosimama, akanimiminia maji kidogo kwenye kifuniko cha chupa, akanielekeza kwa kichwa mahali pa kuyamwaga. Kisha akanishika mkono hadi kwenye mnara wa Wakorea, uliosimama juu ya kobe wa jiwe, tukafanya vivyo hivyo. Maelfu ya Wakorea walikufa hapa, wengi wakiwa wameletwa kufanya kazi za vita, na mnara wao, uliojengwa mwaka 1970, ulisimama nje ya bustani hadi mwaka 1999 ulipohamishiwa ndani.

Nina jambo la kuwaambia wasomaji wa Kiswahili hasa. Sehemu kubwa ya urani, madini yaliyotumika katika mradi wa Wamarekani wa kuunda mabomu ya atomiki, ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, nchini Kongo, karibu na Likasi, ambako hadi leo watu husalimiana kwa Kiswahili. Mwaka 1940 Edgar Sengier, mkurugenzi wa kampuni ya Kibelgiji ya Union Minière, alipeleka New York zaidi ya tani 1,000 za mawe hayo, na mwaka 1942 jeshi la Marekani likayanunua, kisha likaagiza mengine. Wakongo waliyachimba bila kuambiwa ni ya nini. Mbele ya kichuguu kile niliwaombea na wao.

Jioni nilikula okonomiyaki, chapati nene ya kabichi na tambi inayokaangwa mbele ya mlaji kwenye bamba la chuma, kwa yeni 1,000 na kitu. Asiyekula nguruwe aseme "buta nashi" kabla mpishi hajaanza. Mwenye mgahawa aliniambia kwamba chakula hiki kilikua baada ya vita kwa unga wa msaada, na kwamba migahawa mingi ya zamani ina majina ya wanawake kwa sababu wajane ndio walioianzisha majumbani mwao.

Alhamisi 13 Novemba. Kisiwa cha Ninoshima

Siku hii sikuwa nimeipanga. Msimulizi wa jana ndiye aliyeniandikia jina la kisiwa kwenye daftari. Nilipanda tramu hadi mwisho wa reli, bandari ya Hiroshima, kisha feri kwa dakika 20. Bahari ilikuwa shwari, imejaa majukwaa ya kufugia chaza, na kwa mtu wa pwani hakuna kilichokuwa kigeni isipokuwa baridi. Kisiwa kinaonekana kwa mbali kwa kilima chake chenye ncha. Nauli haifiki yeni 1,000 kwenda na kurudi, lakini tazameni ratiba ya kurudi kabla ya kuondoka gatini, na mbebe chakula, kwa maana maduka ni machache.

Jeshi la Japani lilijenga hapa karantini mwaka 1895 kwa ajili ya askari waliorudi kutoka vita vya China. Kwa kuwa kisiwa hakikuguswa na moto, tangu asubuhi ya tarehe 6 Agosti mashua zilianza kuleta majeruhi, na kwa muda wa siku 20 hivi walifikishwa watu wapatao 10,000. Wengi walifia sakafuni. Mwanzoni maiti zilichomwa moja moja, baadaye kwa mafungu, na zilipozidi nguvu za waliokuwapo zikazikwa mashimoni na katika mahandaki ya kujikinga na mabomu. Mwaka 1971 yalifukuliwa mabaki ya watu zaidi ya 600, na kazi ya kutafuta haijaisha.

Nilikosea njia ya mnara wa kumbukumbu, nikawa napanda kuelekea mashamba ya machenza. Mzee mwenye kigari cha mizigo alisimama, akaniuliza jambo, akacheka tulipokosa kuelewana, akafungua mlango. Tulizungumza kwa programu ya kutafsiri kwenye simu yake. Alinieleza kwamba zamani wenyeji wakilima walikuta mifupa, nao wakaikusanya kwa mikono na kuipeleka hekaluni. Aliningojea garini dakika zote nilizohitaji, akanirudisha bandarini, akakataa pesa na kunitilia machenza 6 katika mkoba.

Pale kwenye jiwe nilimwaga chupa nzima. Nilihesabu kichwani vitu ambavyo Mama huviandaa: maji ya uvuguvugu, majani ya mkunazi, karafuu maiti, pamba, sanda. Watu wapatao 10,000 walishushwa kwenye kisiwa hiki, na maji yalikuwa yamewazunguka pande zote, ya chumvi.

Ijumaa 14 Novemba. Kwa treni, kupitia Kokura

Kutoka Hiroshima hadi Nagasaki unapanda mwendokasi hadi Hakata, kisha treni ya kawaida hadi Takeo-Onsen, ambako treni nyingine ya mwendokasi inakungojea ng'ambo ya jukwaa hilohilo. Safari nzima ilinigharimu takriban yeni 15,000 na haikufika saa 4 pamoja na kungoja.

Katika njia hii alisafiri Tsutomu Yamaguchi, mhandisi wa kampuni ya kuunda meli ya Mitsubishi, aliyekuwa Hiroshima kikazi. Aliungua, akalala usiku mmoja mjini, akapanda treni kurudi kwao Nagasaki kwa mkewe na mtoto. Asubuhi ya tarehe 9 alikwenda ofisini akiwa na bandeji, na alikuwa akimweleza mkuu wake jinsi bomu moja lilivyoweza kuangamiza mji, mkuu huyo akikataa kusadiki, ndipo mwanga uleule ukajaa dirishani. Alifariki mwaka 2010 akiwa na miaka 93.

Treni husimama Kokura kwa dakika moja hivi. Niliona maghorofa, mwanamke akikimbiza kibegi cha magurudumu, na matangazo ya kawaida. Hapa ndipo bomu la pili lilipokusudiwa. Ndege ya Bockscar, ikiongozwa na Meja Charles Sweeney, iliupita mji mara tatu, lakini mawingu na moshi viliifunika karakana ya silaha, ikageuka kuelekea Nagasaki. Milango ikafungwa, tukaondoka.

Jumamosi 15 Novemba. Bonde la Urakami

Nagasaki ni mji wa vilima, na vilima ndivyo vilivyoamua nani aungue. Bomu la plutoni lililipuka saa 5 na dakika 2 asubuhi, mita 500 hivi juu ya bonde la Urakami, na hadi mwisho wa mwaka watu wapatao 74,000 walikuwa wamekufa. Bondeni waliishi Wakatoliki ambao wazee wao walificha imani yao kwa zaidi ya karne 2. Kati ya 12,000 walikufa 8,500.

Makumbusho hapa pia ni yeni 200. Jirani yake kuna ukumbi wa taifa wa kumbukumbu usio na kiingilio, na juu ya paa lake limetandazwa beseni kubwa la maji, ambalo usiku huwaka taa 70,000. Maji yaliwekwa kwa ajili ya wale walioyaomba. Nilikwenda mchana, nikarudi usiku.

Nilitembea hadi kibanda cha Dokta Takashi Nagai, chumba kimoja ambacho mtu mrefu angekijaza kwa kulala. Alikuwa daktari wa mionzi na tayari alikuwa na saratani ya damu kabla ya bomu. Aliwatibu majeruhi kwa siku kadhaa kabla ya kwenda nyumbani, akamkuta mkewe Midori amebaki mifupa, na rozari yake karibu. Aliitia ile mifupa katika ndoo akaibeba. Mwangalizi wa mahali hapo aliniona nikifuta macho, akaniletea kiti na kikombe cha chai ya shayiri bila kusema neno.

Hekalu la Sanno liko mita 800 hivi kutoka mahali palipokuwa chini ya mlipuko. Lango lake la mawe limebaki nguzo moja tu, na ndani kuna mikafuri miwili mikubwa iliyopukutishwa ikabaki magogo meusi, kisha ikachipua. Mmoja una uwazi katika shina ambamo kokoto zilizorushwa na mlipuko zingali zimekwama. Niliokota jani moja chini, nikalisugua kati ya vidole. Ilikuwa karafuu maiti. Sikujua kabla ya hapo kwamba huu ndio mti wenyewe. Kwetu tunaujua kwa vipande vyeupe vya dukani. Nikakaa kwenye ngazi, vidole puani, hadi mlinzi wa hekalu alipoanza kufagia kunizunguka, kwa upole, bila kuniinua.

Jumapili 16 Novemba. Kengele, kisha nyumbani

Nilifika mbele ya kanisa la Urakami kabla ya misa. Jengo la zamani lilianguka juu ya watu waliokuwa wakiungama, na kati ya kengele zake mbili moja ilipatikana kifusini ikiwa nzima. Kwa miaka 80 kengele ya pili haikuwapo, hadi Wakatoliki wa Marekani walipochanga wakatengeneza nyingine, na tarehe 9 Agosti 2025 zikalia pamoja kwa mara ya kwanza. Mama mmoja mwenye kitambaa cheupe kichwani aliona hijabu yangu, akasogea kwenye ukuta wa bustani na kunipisha nikae.

Kwa watakaouliza: siku hizo, bila nauli ya ndege, zilinigharimu yeni 95,000 hivi. Vitanda vya hosteli nilivilipia yeni 4,500 kwa usiku, na mchana nilikula zaidi mipira ya wali ya dukani.

Jani nililitia katikati ya daftari. Nilipofika Tanga nilimpa Mama bila kumwambia ni la nini. Akalivunja ncha, akanusa, akaniangalia. Nikamhadithia habari za Ninoshima, naye akasikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza kama walikuwapo watu wa kuwaosha. Nikamwambia hawakuwapo. Akainuka, akateremsha kutoka juu ya kabati kopo anamohifadhi karafuu maiti yake, akalilaza jani humo, akafunika.